Injini kwenye picha: kisa cha karakana ya Kigoma na urithi wa Le Hangar

Picha iliyozua ugomvi ina upana wa karibu mita moja, imechorwa kwa rangi ya mafuta juu ya hadibodi, na hamna mtu ndani yake. Kuna mitumbwi mitano iliyopandishwa mchangani, nyavu zimekunjwa zikarundikwa juu yake, taa za kuvulia zimepangwa chini ya mwembe, na mbele kabisa, kubwa kuliko vitu vyote, injini ya boti iliyofunikwa nusu kwa turubai la bluu. Aliyeichora ni binti wa mvuvi wa Katonga, mwanafunzi katika karakana ya mchora mabango mmoja wa Mwanga, hapa Kigoma. Aliyeikataa ni mwenye hoteli ya kando ya ziwa aliyekuwa ameagiza picha kumi. Aliyesema ni mali yake ni fundi, yaani yule mchora mabango, ambaye hakuigusa kwa brashi hata mara moja.

Mimi niliingizwa kwenye shauri hilo kwa sababu ndiye ninayewapigia fremu. Pande zote mbili zinanijua, na zote mbili nazidai, jambo linalompa msuluhishi usikivu ambao asingeupata bure. Nilivyowasikiliza, niliona kwamba kesi yenyewe haieleweki kwa kusoma makubaliano ya hoteli peke yake. Nusu ya kanuni ambazo fundi alikuwa anazitetea kwa jazba hazikuzaliwa Mwanga. Zilizaliwa Lubumbashi, Kongo, mwaka 1946, katika Le Hangar, karakana ya majaribio ya Mfaransa mmoja aliyewahi kuwa afisa wa jeshi la majini.

Agizo

Mwenye hoteli alikuja na simu mkononi. Humo alikuwa amehifadhi picha za maonesho ya sanaa ya Kongo yaliyofanyika Paris mwaka 2015 kwenye jumba la Fondation Cartier, yaliyokusanya kazi kuanzia mwaka 1926 hadi siku zile. Kati ya wachoraji wote hao aliwapenda wawili. Mmoja ni Pilipili Mulongoy, ambaye ndege, nyoka na samaki wake wamezungukwa na vitone na vistari vya rangi mpaka pasibaki mahali patupu. Wa pili ni Mwenze Kibwanga, ambaye wawindaji na wanyama wake wameundwa kwa vistari vifupi vilivyobanana, vingine vikielekea huku na vingine kule, kwa rangi za udongo.

"Nataka kumi za namna hii," akasema, "ila ziwe za Kigoma."

Maneno hayo manne ya mwisho ndiyo yaliyokuja kutusumbua. Siku ile hakuna aliyeuliza maana yake. Wakakubaliana shilingi 120,000 kwa kila picha, laki nne zitangulie kwa ajili ya hadibodi na rangi, na makubaliano yakaandikwa kwenye karatasi ya daftari. Hayakutaja ni vitu gani vya Kigoma vinavyotakiwa, nani atachora, wala nani atasaini. Katika karakana za mjini kwetu hayo hayaandikwi. Kazi hutoka kwa jina la fundi, hata kama herufi za ubao wa saluni zimejazwa rangi na mtoto wa kidato cha pili.

Fundi alilipokea agizo kwa furaha iliyozidi bei, kwa sababu mtindo ule anaujua na hakuujulia kwenye simu. Ujanani alivuka ziwa kwenda Kalemie, upande wa Kongo, akifuata biashara ya vitenge, akapanda treni, akaishia Lubumbashi, akakaa huko miaka kadhaa akiandika majina ya baa na kuchora chupa za bia ukutani. Huko alikutana na mzee mmoja, mchoraji, aliyepita kwenye akademia ya sanaa ya mji huo, ile iliyoanzishwa mwaka 1951 na Mbelgiji Laurent Moonens. Akademia hiyo ndiyo iliyowapokea wachoraji wa Le Hangar karakana yao ilipokufa. Kwa hiyo tukihesabu kiukoo, fundi wa Mwanga ni mjukuu, na yule binti ni kitukuu. Hakuna kati yao aliyewahi kuikanyaga Le Hangar yenyewe.

Kilichokuwa ng'ambo

Lubumbashi ni mji wa shaba, katika Katanga, kusini mwa Kongo. Ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville, ukabadilishwa jina mwaka 1966, na kwa miongo mingi kampuni ya madini ya Union Minière du Haut-Katanga ndiyo iliyopanga nani alale wapi na aamke saa ngapi. Watu walikuja kutoka kila upande, wakahitaji lugha ya kuelewana, na lugha hiyo ikawa Kiswahili. Ndiyo maana kijana wa Kigoma aliyeshuka pale na brashi zake hakuhitaji mkalimani.

Pierre Romain-Desfossés alifika Elisabethville miaka ya vita kuu ya pili, na mwaka 1946 akafungua karakana iliyojulikana kama Le Hangar. Alikuwa mchoraji yeye mwenyewe, lakini jaribio lake lilikuwa kuwapa watu karatasi, mbao na rangi, kisha ajizuie kuwafundisha. Hakutaka wanakili sanaa ya Ulaya. Hakutaka wajifunze kanuni zake za umbali na kivuli. Aliamini kila mtu anao mkono wake, na kazi ya mwalimu ni kuulinda mkono huo usije ukaharibiwa, na mwalimu mwenyewe akiwa wa kwanza wa kuchungwa asiuharibu.

Mikono ikatokea kweli. Bela, mtu wa kabila la Wasara wa Chad aliyekuwa mtumishi wa nyumbani kwake, alipaka rangi kwa vidole, na wanyama wake wamejengwa kwa madoa ya ncha za vidole. Pilipili, aliyezaliwa mwaka 1914 na kuwahi kuwa fundi wa majumba, akaja na vitone. Mwenze, mdogo wao, aliyezaliwa mwaka 1925, akaja na vile vistari ambavyo wengi waliomwandikia wamevifananisha na ufumaji. Walikaa chini ya paa moja, wakitumia rangi za mtu mmoja, na bado ukizipanga kazi za watatu hao ukutani huwezi kumchanganya huyu na yule. Sijui shule nyingi zinazoweza kujisifu hivyo. Mtu akitembelea maduka ya picha za Tingatinga Dar es Salaam, mtindo ambao Edward Saidi Tingatinga aliuanzisha mwaka 1968, atajua haraka kwamba anatazama Tingatinga, lakini kumtenga mchoraji mmoja na mwenzake kunataka jicho la miaka.

Tena kila mmoja wa wale wa Le Hangar alitia sahihi yake mwenyewe. Naomba msomaji alishike hilo.

Romain-Desfossés alifariki mwaka 1954 na karakana ikaisha naye. Ilidumu miaka minane tu, na kwa muda huo mfupi ilitengeneza namna ya kuchora ambayo mwenye hoteli wa Kigoma anaiagiza leo kama anavyoagiza mapazia.

Ukuta wa jaribio

Sasa upande ambao fundi hakupenda niutaje mbele ya wanafunzi wake.

Mwalimu aliyekataa kufundisha hakukataa kuchagua. Alitaka kilicho safi, cha asili, kisichoguswa na Ulaya, na wanafunzi wana macho: wanaona ni picha ipi inayomfurahisha mwenye rangi. Zitazame kazi nyingi za karakana ile. Utaona swala, mamba, kanga kwenye viota, ngoma, mikuki, mapigano ya msituni. Bomba la moshi la kiwanda cha kuyeyusha shaba, lililokuwa likionekana kutoka karibu kila mtaa, halimo. Makambi ya wafanyakazi hayamo. Baiskeli hazimo. Desemba 1941, miaka mitano kabla karakana haijafunguliwa, wafanyakazi wa Union Minière waligoma hapohapo Elisabethville wakapigwa risasi, wakafa. Watu waliokuja kushika brashi mwaka 1946 waliishi katika mji uliokuwa na kumbukumbu hiyo, wakachora ndege.

Simlaumu Pilipili kwa ndege wake. Ni ndege wazuri mno, na mtu ana haki ya kutaka kupumzika na mji. Ninachosema ni kwamba uhuru ule ulikuwa na ukuta, na aliyeujenga alidhani analinda bustani.

Waliouvunja ukuta walitoka nje ya shule. Miaka ya 1970 wachoraji wa mitaani wa Lubumbashi walikuwa wakiuzia watu wa kawaida picha za kutundika sebuleni, na miongoni mwao alikuwapo Tshibumba Kanda-Matulu. Mwaka 1973 na 1974 alichora historia ya nchi yake katika picha karibu mia moja na kumsimulia mwanaanthropolojia Johannes Fabian picha moja baada ya nyingine, kwa Kiswahili. Humo mna mjeledi wa mkoloni, mna mgomo ule wa 1941, mna Lumumba aliyeuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961. (Barabara yetu kuu hapa Kigoma ina jina lake, na mbao nyingi za maduka yake zimeandikwa na huyu fundi ninayemzungumzia.) Baadaye akaja mpiga picha Sammy Baloji na kazi zake za mwaka 2006, zinazobandika picha za zamani za wafanyakazi wa Union Minière juu ya mandhari ya mitambo iliyochakaa. Yeye na wenzake ndio walioanzisha mwaka 2008 maonesho yanayofanyika Lubumbashi kila baada ya miaka miwili. Baloji hachori vitone. Ukiniuliza, naye amerithi kitu kutoka Le Hangar: amerithi kile ilichokiacha nje ya fremu, na kwa msanii huo ni urithi mnono pengine kuliko vistari.

Kanuni za Mwanga

Fundi aliporudi Kigoma alirudi na vyote viwili, mlango wa kumwachia kila mtu mkono wake na ukuta wa vitu visivyochorwa, na hakuvitenganisha kwa sababu mzee wake wa Lubumbashi alimpa vikiwa kitu kimoja.

Mwanafunzi mpya pale karakanani hapewi picha ya kuiga. Anapewa kipande cha hadibodi kilichopigwa msasa, kopo moja la rangi, na anaambiwa akijaze chote bila kuchora kitu. Achore alama tu, yoyote, mpaka ubao uishe. Wengi huchoka robo ya kwanza. Fundi anakwenda zake kuandika bango la mtu, anarudi jioni, anatazama. Anachotafuta ni pale mkono ulipoacha kufikiri. Kijana mmoja aliyekuwa akichora herufi za vioo vya daladala alitoa alama zenye mkia kama za herufi s, na hadi leo mawimbi yake yana mikia hiyo. Mwingine hakutoa kitu, akarudishwa kwenye mabango, na huko anafanya vizuri.

Binti wa Katonga alitoa vistari vifupi, vitano vitano, kundi moja likimkata mwenzake. Fundi aliposhika ule ubao alisema neno moja: "Mwenze." Binti hakuwahi kulisikia jina hilo. Alipoulizwa ameyatoa wapi mambo haya, akajibu kwamba hivyo ndivyo uzi unavyokwenda ukiziba wavu uliochanika. Amekua akiziba nyavu za baba yake.

Hapo pana jambo ambalo wanaoandika juu ya athari za shule fulani kwa wasanii wa leo hulipita haraka. Tunapoona vistari vya Mwenze kwenye picha ya Kigoma tunasema moja kwa moja: athari. Kumbe kilichovuka ziwa ni zoezi, na zoezi lilipomkuta mtoto wa mvuvi likatoa matokeo yanayofanana na ya mtu wa Katanga wa mwaka 1950. Halafu, na hili nalo ni kweli, mara fundi alipolitaja jina, binti akaanza kutafuta picha za Mwenze, akaona jinsi anavyogeuza mwelekeo wa vistari ili bega litengane na mti ulio nyuma yake, akalichukua hilo. Kwa hiyo ni mkono wake, na ni Mwenze pia.

Kanuni ya kutokunakili fundi anaiheshimu hata inapomgharimu. Katika agizo la hoteli, kijana mmoja alitoa ndege wawili waliofanana mno na wale wa simuni. Fundi akaupindua ubao na kumwambia achore upande wa pili. Na alikuwa sahihi hata kisheria. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda kazi ya sanaa kwa maisha yote ya mwenyewe na miaka 50 baada ya kifo chake. Mwenze alifariki mwaka 1999 na Pilipili mwaka 2007. Kuchora kwa vitone hakumdhulumu mtu, maana mtindo hauna hatimiliki, lakini kumchukua ndege yuleyule na kiota kilekile na kumuuzia mwenye hoteli ni jambo lingine.

Kanuni ya pili ndiyo yenye balaa. Fundi huisema hivi: vitu vya dukani haviingii kwenye picha. Hakuna dumu, hakuna simu, hakuna bati, hakuna pikipiki. Nyumba ziezekwe nyasi. Mtumbwi uwe wa kasia. Wakati huohuo mtu huyuhuyu kutwa anachora simu na matairi kwenye kuta za wafanyabiashara, tena anazichora vizuri ajabu. Nilimuuliza mara moja kwa nini injini ya Yamaha inaruhusiwa ukutani kwa mwuza vipuri na hairuhusiwi kwenye picha. Akasema ile ni kazi, hii ni sanaa.

Picha yenyewe

Tarehe 15 Mei 2024 uvuvi ulifungwa Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kwa makubaliano ya nchi zinazolizunguka, ili samaki wapate kuzaliana. Wavuvi wa dagaa wamezoea kupumzika siku za mbalamwezi, kwa sababu taa hazivuti samaki kukiwa na mwanga, lakini hizo ni siku chache za mwezi. Miezi mitatu ilikuwa kitu kipya. Mialo ikanyamaza. Binti alichora alichokuwa anakiona Katonga kila asubuhi kabla ya kupanda daladala kuja Mwanga.

Nimekaa nayo muda mrefu picha hii, maana niliipimia fremu, na naona ni kazi nzuri kuliko zote kumi zilizokwenda hotelini. Nyavu zinashika karibu theluthi mbili ya ubao. Kila rundo lina mwelekeo wake wa vistari na rangi yake, kahawia, kijani ya magugu, nyekundu iliyopauka, na mahali marundo yanapogusana jicho linapata shida kidogo kuamua lipi liko juu. Kwa Mwenze vistari huunda misuli ya mtu anayekimbia. Hapa vinaunda kitu kilicholala. Mchanga wenyewe umechorwa kwa mtindo huohuo, vistari virefu zaidi, vyepesi, hivyo pwani nzima inaonekana imefumwa. Maji hayaonekani kabisa. Ziwa lote limeachwa nje ya picha, na kwa mtu wa Kigoma hilo linauma kwanza kabla hajajua kwa nini.

Kisha injini. Ndiyo kitu pekee kilichopakwa rangi bapa, bila kistari hata kimoja: kifuniko cheusi, turubai la bluu, propela ya fedha. Amekifanya kiwe kigeni kwa namna kilivyopakwa. Ukiitoa, picha inabaki kuwa ya mtindo. Injini ndiyo inayosema mwaka, ndiyo inayosema deni, kwa sababu hakuna mvuvi mdogo asiyejua injini hununuliwaje.

Mwenye hoteli alipoletewa picha tisa na hii, alizipokea tisa. Hii aliitazama akasema mgeni aliyelipia chumba hataki kuona mashine, anataka kuona ziwa. Akauliza pia wale ndege wawili wa mwanzo waliofanana na wa simuni wako wapi. Fundi akasimulia mkasa huo kwa uchungu mkubwa, na nadhani alikuwa na haki ya kuchukia: mteja aliyekuwa tayari kununua nakala alikataa kitu ambacho hakipo popote duniani.

Hata hivyo, fundi alirudi karakanani akamwambia binti, "Mwanangu, funika hiyo injini kwa majani ya mgomba, tuimalize kazi ya watu."

"Fundi, boti ya baba haina makasia."

"Nimesema funika."

Hakufunika. Aliichukua picha, akaipakia kwenye bajaji, akampelekea mwenye boti mmoja wa Kibirizi anayefanya safari za vijijini, na yule akainunua kwa shilingi 90,000, akilalamika tu kwamba injini ya namna ile ina bomba la maji upande wa kushoto na si wa kulia.

Shauri

Fundi alidai fedha yote na alidai picha irudishwe apate kuandika jina lake pembeni. Hoja zake zilikuwa tatu: hadibodi na rangi ni zake, agizo ni lake, na mtindo ni wake, ameutoa Lubumbashi kwa jasho. Binti alidai fedha yote pia, kwa hoja moja, kwamba amechora.

Hoja ya hadibodi ni ya kweli na huisha kwa hesabu. Hoja ya agizo ilijifia yenyewe mteja alipoikataa picha. Iliyobaki ni hoja ya mtindo, na ndiyo iliyokuwa moyoni mwa fundi. Nilimwambia nionavyo. Vile vistari havikuwa vya mzee wake wa Lubumbashi, wala vya akademia. Vilikuwa vya Mwenze, na Mwenze mwenyewe alipewa na mwalimu ubao mtupu tu. Kama mwalimu yule angedai kila kilichotoka chini ya paa lake, leo tungekuwa na picha mia kadhaa zenye jina la Romain-Desfossés na tusingemjua Bela. Mkoloni yule, pamoja na ukuta wake wote, aliwaacha watu wasaini. Fundi alirithi kanuni yake ya kutonakili, akarithi na woga wake wa vitu vya dukani, akaliacha jambo lililowafanya wanafunzi wa Mfaransa yule wajulikane mpaka Paris.

Alinyamaza muda. Kisha akasema kwamba pale Le Hangar rangi zilikuwa za bure, na yeye ananunua. Jibu hilo lina nguvu kuliko lilivyosikika. Jaribio la mwaka 1946 lilibebwa na mtu aliyeweza kumudu kuwalisha wachoraji rangi bila kuuliza kila kopo limekwenda wapi. Karakana ya Mwanga inabebwa na mabango, na kila ubao wa zoezi unaojazwa vistari ni ubao ambao haukuuzwa. Anayetaka shule ya majaribio Kigoma aanze kwa kuuliza nani atalipia mbao zitakazoharibika. Fundi amekuwa akizilipia miaka yote hii, na jina lake kwenye picha za wanafunzi ilikuwa ndiyo njia pekee aliyoijua ya kujilipa.

Kwa hiyo tulikubaliana hivi. Kila aliyechora anasaini mbele, kwa jina lake. Nyuma ya ubao panaandikwa jina la karakana na mwaka. Theluthi ya bei inakwenda kwa fundi kwa ajili ya vifaa, paa na mafunzo, iwe picha imeuzwa na yeye au na mwanafunzi. Katika zile 90,000, fundi alipata 30,000, na binti akairudia picha Kibirizi akatia sahihi mwenyewe, na alipokuwa huko akalihamisha bomba la maji upande wa kushoto. Nafasi ya kumi hotelini fundi aliijaza kwa samaki mkubwa aina ya kuhe aliyezungukwa na vitone, ambaye sina neno juu yake ila kwamba ni kuhe.

Kuhusu vitu vya dukani hatukuandika chochote. Fundi amekataa kuifuta kanuni yake. Anasema ataamua kwa kila picha. Nilimkumbusha kwamba hata yule Mfaransa aliamua kwa kila picha, akaniambia nirudi kwenye fremu zangu. Binti naye hajaondoka, ingawa alishawishiwa na wenzake afungue karakana yake. Anasema kule Mwanga anapata kitu ambacho hawezi kukipata akiwa peke yake, nao ni mtu wa kumkataza.

Wenye boti wawili wengine wa Kibirizi wamemwagiza picha, kila mmoja akitaka injini yake ionekane na jina la boti lisomeke. Anatoza 150,000, kwa sababu injini humla muda kuliko nyavu, na fremu amesema anataka za mninga.